Mweupe Pembeni ya Nani

Wengi hapa Likasi walimjua kwa sauti kabla ya kumjua kwa uso. Alikuwa msomaji wa matangazo, na kwetu tangazo tunaliita komunike, kwa hiyo watu wote walimwita Papa Komunike, yaani Baba Tangazo, hata wazee waliomzidi umri. Saa sita mchana alisoma kwenye redio ndogo ya mji. Jumapili alisoma kanisani baada ya misa. Siku nyingine alipita mitaani kwa baiskeli, kipaza sauti kimefungwa kwenye usukani kwa mpira wa tairi, akasimama kila kona na kusoma, mguu mmoja chini. Aliyekufa, aliyepotea, mbuzi aliyeonekana, kadi iliyookotwa, maji yatakayokatika kesho: yote yalipita mdomoni mwake.

Sitaandika jina lake. Wala sitaandika alizaliwa wapi na kwa watu gani, maana sikumwuliza. Naandika kwa sababu nilipotea nikiwa na miaka sita, na yeye ndiye aliyenipata kwa mdomo wake. Lakini kabla ya tangazo lililonipata, alisoma lingine ambalo halikunipata. Tangu hapo alisema mbele ya watu kwamba alikosea, na kwamba kwa kosa lake mama mmoja alilia siku moja zaidi. Alilirudia jambo hilo kwa miaka kumi na mitatu. Mimi nilijua kwamba kosa halikuwa lake. Nilijua, na sikusema.

Nitafika huko. Kwanza yeye mwenyewe.

Bila kipaza sauti alikuwa mtu wa maneno machache. Ukimkuta sokoni akinunua sombe, majani ya muhogo, alionyesha fungu kwa kidole kama mtu aliyeumwa koo. Sauti yake ya nyumbani ilikuwa ndogo, na mara nyingine neno la kwanza lilimkwama. Mimi pia maneno hunikwama, kwa hiyo nilikuwa nikimwangalia sana. Niliona kwamba akipewa karatasi mkononi, koo lilifunguka. Alisema mwenyewe kwamba maneno yake yanamwogopesha, lakini maneno ya wengine ni mzigo tu, na mzigo mtu anaubeba.

Alikuwa na desturi moja ambayo watu waliipenda. Mtu aliyepotea akipatikana, hakuiacha habari iishe kimyakimya. Aliitaka familia imletee karatasi nyingine, na aliisoma kwa furaha ileile ya kusoma harusi. Redioni alijitahidi kusema Kiswahili cha kitabu, lakini mwisho wa tangazo la aliyepatikana alirudi kwenye Kiswahili chetu, akiwaambia waliokuwa wakitafuta wapumzike, na maneno yalikuwa yaleyale siku zote: "Benye balikuwa banatafuta, bapumuzike." Mama yangu akisikia hivyo aliacha alichokuwa anafanya na kupumua, hata kama hakuwajua watu hao.

Karatasi alizoletewa hakuzisoma mara moja. Alizipitia kimya mara mbili, kisha akauliza. Watu wenye haraka walichukia jambo hilo. Mtu amepoteza mtoto, machozi yanamtoka, naye anamwuliza mtoto huyo anatembea namna gani, anakimbia au anaburuta mguu, akicheka anafunika mdomo au haufuniki. Na kama karatasi ilisema mweusi, au mweupe, au mwekundu, aliweka kidole juu ya neno hilo, akainua macho.

"Mweupe pembeni ya nani?"

Mwenye karatasi alishangaa. Mweupe ni mweupe. Ndipo Papa Komunike alipomweleza polepole kwamba katika kila nyumba kuna mmoja anayeitwa mweupe na mmoja anayeitwa mweusi, lakini njiani hakuna anayejua wamepimwa na nani. Mweupe wa nyumba hii akihamia nyumba ya pili anaweza kuwa mweusi wa huko, na hakuna kilichobadilika katika ngozi yake. Alikuwa na usemi wake wa makaa na chumvi, na watoto wa mtaa waliujua kwa kichwa: "Neusi ni makala, neupe ni chumvi. Bantu beko katikati, mu chungu."

Juu ya neno mwekundu alikuwa na shida zaidi. Kwetu mtu wa rangi ya maji ya kunde tunamwita mwekundu, na kila mtu anaelewa. Lakini siku moja walikuja kwake wanawake wawili kumtafuta mwanamume mmojawapo wa wachimbaji wa Kambove, mji wa jirani. Mama yake alisema ni mwekundu. Mke wake alisema ni mweusi. Wakaanza kugombana hapo mlangoni, mmoja akidai amemzaa, mwingine akidai analala naye. Papa Komunike aliwasikiliza hadi wakachoka, akasema wote wawili wanasema kweli: mama anamwona mtoto aliyezaliwa, mke anamwona mtu anayerudi kutoka shimoni. Aliandika kwamba ana mwanya na anapenda kusimama mkono kiunoni. Yule mwanamume alionekana kwa mke mwingine, na mke huyo, walivyosimulia, alisema ni mweupe kidogo.

Neno muzungu alikataa kabisa kulihesabu kati ya rangi. Watoto wetu wanawapigia kelele Wachina wa viwandani, muzungu, muzungu, na kesho yake wanampigia kelele mtu mweusi kabisa kwa sababu ana gari na kofia ya kazi. Iliwahi kuokotwa kofia ya namna hiyo, na karatasi ikasema ni ya muzungu. Aliyekuja kuichukua alikuwa injinia kutoka Lubumbashi, mweusi kuliko sisi sote, naye alicheka hadi akaketi. Akiondoka, Papa Komunike alituambia, "Muzungu haiko rangi, ni kazi. Anza kuamuru bantu, kesho batakuita muzungu."

Kuna mwanamume aliyekuja kumtafuta mkewe, na aliandika kwamba ni mweupe sana. Papa Komunike alimjua yule mwanamke, kama sote tulivyomjua. Akauliza kwa heshima:

"Rangi ya mwaka gani, papa? Ya ndoa ao ya sasa?"

Mwanamume alikiri kwamba mafuta ya dukani yamemgeuza mkewe uso, lakini vidole vimebaki vya zamani. Alitaka jambo hilo lisomwe, kwa kuwa ni alama nzuri. Papa Komunike alikataa. Alisema akilisoma hilo redioni, mwanamke atalisikia popote alipo, na hatarudi tena. Alisoma tu kwamba anacheka kwa sauti ya juu na ana wimbo mmoja anaouimba akifua. Siku ya tatu mwanamke alirudi mwenyewe kutoka Koni, kwa dada yake, akiwa amekasirika kuhusu wimbo.

Mara moja nilimwona akifuta neno kwenye karatasi ya mtu. Mama aliyeileta alikuwa na mtoto aliyezaliwa bila rangi, mmoja wa wale ambao njiani watu wanawatupia majina mabaya, na kwa haraka yake alikuwa ameandika jina mojawapo, maana ndilo lililozoeleka. Papa Komunike alilifuta, akaandika juu yake: mtoto ambaye ngozi yake inaogopa jua, nywele zake ni za rangi ya nyasi za mwezi wa nane. Mama alisoma, akasema hata yeye hajawahi kumwita hivyo. Mtoto alipatikana kabla ya jioni, ameketi katika kivuli cha ukuta wa bomba la maji. Lakini tangu siku hiyo watoto wa mtaa walimwita Ogopa-jua, na Papa Komunike hakufurahi. Alisema alitaka kumpunguzia mtoto mzigo, kumbe amembadilishia mfuko tu.

Sitaki kumfanya mtakatifu. Huyu mtu aliyewafundisha wengine kuuliza pembeni ya nani, yeye mwenyewe alipanda baiskeli katika joto la mwezi wa kumi akiwa na mikono mirefu, taulo shingoni na kofia ambayo hakuna aliyewahi kuona akiivua isipokuwa kanisani. Alisema ni kwa ajili ya vumbi. Lakini nilikuwa kwa mpiga picha siku alipokuja kupigwa picha ya kadi, nikamsikia akiomba kiti kisogezwe karibu na dirisha, "sababu hapa utaniweka mweusi sana". Na kijana mpya alipoletwa redioni kusoma pamoja naye, Papa Komunike alirudi nyumbani amenuna, akasema yule mweusi hajui kusoma. Tulipomwangalia sote tuliokuwa uani kwake, alikohoa, akasema, "Pembeni yangu."

Papa Komunike alimwita mkewe Mweusi Yangu. Alimwita kwa kipaza sauti, akiwa bado kona ya barabara, ili mkewe aweke motoni maji ya bukari, yaani ugali. Mke alitoka mlangoni kumkemea kwamba anamwaibisha mbele ya majirani, na kila siku alikuwa ameshayaweka. Alikuwa mwanamke wa rangi ya udongo wa kichuguu, mwekundu kuliko mumewe. Hatukujua alipimwa pembeni ya nani. Labda pembeni ya mtu ambaye sisi hatukumkuta.

Sasa nieleze nilivyopotea.

Ilikuwa siku ya sikukuu ya akina mama wa parokia. Kwenye sikukuu ya namna hiyo, mama wote wanavaa kikwembe, yaani kitenge, cha aina moja, kilichochaguliwa miezi mingi kabla. Mwaka huo kilikuwa cha kijani, chenye ndege wa manjano. Baada ya misa kulikuwa na chakula uwanjani, na mama yangu alinibadilisha gauni la misa akanivika la kila siku, nisilichafue. Kisha kukawa na msongamano. Mtoto wa miaka sita haoni nyuso, anaona vikwembe. Niliona ndege wa manjano wakitoka getini, nikawafuata. Walipanda taksi-basi, nikapanda. Nilibanwa kati ya magoti ya watu, nikashika ncha ya kikwembe, nikalala. Tulipoteremka Kambove, yule mama aligeuka, na hakuwa mama yangu.

Alikuwa mwanachama wa parokia ya kule, aliyealikwa. Alikuwa mama mzuri. Aliniuliza jina, nikaangalia miguu yangu. Aliniuliza natoka wapi, nikaangalia miguu yangu. Hakujua nilipanda naye tangu Likasi. Alidhani nimepanda njiani, au nimemshika palepale stesheni. Alikwenda kumwambia mkubwa wa mtaa, akarudi, akanipa bukari na samaki, akanilaza na watoto wake. Watoto walikuwa wanne, wote wekundu kama mama yao. Mkubwa wao, mvulana wa miaka kumi hivi, aliniita kale keusi, kwa maana ya kale katoto keusi. Kale keusi kamekula. Kale keusi hakasemi. Hakuwa na ubaya, lakini nilishangaa sana, maana nyumbani mimi nilikuwa mweupe.

Kwetu watu wote ni weusi sana. Nyanya alitoka Kasai na mumewe walipoandikwa kazi ya migodi, na rangi yake imewafikia wote, baba, kaka zangu, dada zangu. Mimi nilizaliwa nikapungukiwa kidogo. Nyanya alinishika, akasema kwa Kiluba, Mutoke, yaani mweupe, na hilo likawa jina langu la nyumbani. Sikuwa nimewahi kuitwa kingine. Kwa hiyo Jumatatu asubuhi, wazazi wangu walipokimbia redioni baada ya kutafuta jioni nzima, waliandika walichokijua. Papa Komunike aliona machozi ya mama yangu, aliona saa sita inakaribia, akachukua karatasi akaingia kusoma bila kuuliza neno. Wakati huo hakuwa na desturi ya kuuliza.

Kule Kambove tulikuwa tumeketi chini, redio iko juu ya kabati. Nilimsikia akisoma: mtoto mwanamke, miaka sita, mweupe, gauni la misa la buluu, jina lake la nyumbani ni Mutoke. Yule mama aliacha kula. Aliniangalia, akauliza kama ndimi.

"Weye njo Mutoke?"

Kabla sijafanya lolote, yule mvulana mkubwa alianza kucheka. Alijua maana ya jina hilo, kwa kuwa jirani zao walikuwa watu wa Kasai. Alisema, "Mama, Mutoke ni kusema mweupe. Huyu?" Wadogo zake nao wakacheka, na mmoja aliweka mkono wake karibu na wangu ili wote waone.

Niliona mikono miwili ikiwa pamoja. Nilielewa kila kitu kilichosemwa redioni. Nilielewa kwamba nikisema ndiyo, kicheko kile kitaongezeka, na kwamba jina langu, ambalo nililipenda, litakuwa jambo la kuchekesha. Nikatikisa kichwa. Hapana. Mama yule akaendelea kula, akasema kumbe kuna mtoto mwingine amepotea, maskini mama yake.

Hilo ndilo nililolificha miaka yote.

Jumanne asubuhi, kwa kuwa hakuna aliyekuja, Papa Komunike alifika kwetu kwa baiskeli. Haya nimesimuliwa na mama yangu. Alisimama uani, akaona familia yangu imekaa kwenye mikeka kama watu wa matanga. Aliangalia uso wa baba, wa nyanya, wa kaka zangu. Kisha akasema, kwa sauti ile ndogo, kama anajiuliza mwenyewe:

"Mweupe... pembeni ya nani?"

Mama alimwonyesha kaka zangu. Papa Komunike aliketi juu ya tofali. Mama anasema aliweka mikono juu ya kichwa. Halafu akaomba aletewe vitu vya jikoni, kimoja kimoja, na mama aseme kipi kinafanana na mtoto. Wakaleta majani ya chai, wakaleta kiazi kitamu, wakaleta maharagwe. Mama alikataa vyote. Mama yangu anauza karanga za kukaanga, na sinia la Jumamosi lilikuwa bado kwenye kona, hakuna aliyeligusa. Akaenda mwenyewe, akachambua, akarudi na karanga moja yenye ngozi yake, iliyokaa motoni kidogo kupita kiasi. Akaiweka kwenye kiganja cha Papa Komunike, akalia. Ndipo alipomwuliza pia kuhusu alama, na kuhusu gauni, mama akakumbuka kwamba alinibadilisha, na mwisho akamwuliza jambo ambalo hakuna mtu angefikiri kuliuliza: mtoto huyu akiulizwa na mgeni, anafanya nini?

Saa sita nilimsikia tena. Mtoto mwanamke, miaka sita, rangi ya karanga ya kukaanga yenye kupita moto kidogo. Alama ya mafuta ya moto kwenye mkono wa kushoto. Gauni la kila siku, lenye kifungo kimoja kisichofanana na vingine. Ukimwuliza jina hatajibu, ataangalia miguu.

Nilikuwa naangalia miguu.

Yule mvulana mkubwa alisimama, akaenda kwenye kopo la karanga, akarudi na moja. Alipiga magoti, akaiweka juu ya mkono wangu karibu na alama ya mafuta, akaiangalia muda mrefu. Hakucheka. Alisema tu, "Mama, njo yeye." Jioni ile mama yangu aliteremka Kambove bado amevaa kikwembe chenye ndege wa manjano, na yule mama mwingine akamkimbilia. Leo hao ni ndugu zetu. Yule mvulana sasa anachimba, na akija Likasi analala kwetu.

Wazazi wangu, kwa furaha, walisahau kupeleka karatasi ya aliyepatikana. Na Papa Komunike hakuiomba, ingawa aliiomba kwa kila mtu. Alisema hastahili kuisoma hiyo. Badala yake alianza kusimulia kosa lake. Alilisimulia kwa wazazi walioleta karatasi, alilisimulia kwa vijana wa redio, aliwahi kulisimulia kanisani katika mafungo: alisoma neno la nyumbani bila kuuliza, na neno la nyumbani halina miguu ya kufika Kambove. Watu walimsifu kwa unyenyekevu. Mimi nilikuwa kwenye benchi la watoto, nikaangalia miguu yangu. Mwaka uliofuata nilisema nitamwambia. Na uliofuata. Nilipomaliza shule ya msingi nilijaribu kumwandikia, nikaandika mistari miwili, nikafunga daftari. Ni vigumu kumwambia mtu kwamba huzuni anayoibeba si yake. Na ilikuwa rahisi kwangu kuona anaibeba.

Kisha mambo yakabadilika. Redio ikapata vijana wengine. Watu wakaanza kutuma picha za waliopotea kwenye simu. Papa Komunike hakuchukia, ila alisema simu za siku hizi zinamfanya kila mtu mweupe, hata marehemu. Mke wake alifariki. Macho yake yakaingia ukungu. Sikumwona karibu mwaka mzima.

Mwezi uliopita nilikuwa stesheni ya taksi-basi na sinia langu, maana sasa karanga nauza mimi. Nikamwona ameketi kwenye benchi, kofia kichwani, taulo shingoni, begi moja miguuni na juu ya begi kile kipaza sauti cha zamani. Alikuwa anahamia Koni, kwa binti yake. Hangerudi tena kuishi Likasi. Kondakta alikuwa anatafuta abiria wawili wa mwisho, na Papa Komunike, ili kupitisha muda, alikuwa anawasimulia mama wawili waliokaa karibu naye jambo lake. Nilimsikia akifika pale kwenye karatasi, kwenye machozi, kwenye saa sita. Nikamsikia akisema, "Mama yule alilia siku ingine muzima juu ya kosa yangu."

Abiria mmoja alipanda. Alibaki mmoja.

Niliweka sinia chini, nikaenda mbele yake. Neno la kwanza lilinikwama, kama lilivyokuwa linamkwama yeye. Yeye anajua kungoja, akangoja.

"Papa," nikasema, "ule mutoto alisikia."

"Mutoto gani?"

"Wa Kambove. Komunike ya kwanza. Alisikia yote, akajua ni yeye. Bakamuuliza, akakatala na kichwa."

Papa Komunike alikunja uso, akanisogelea ili anione, lakini ukungu ulikuwa mwingi.

"Nani alikuambia hii maneno?"

Nilitaka kujibu. Nikaangalia miguu yangu.

Kisha niliona na yeye ameinamisha kichwa, anatafuta kule ninakoangalia. Na ile sauti ya redio, ambayo sikuwa nimeisikia siku nyingi, ikatoka bila karatasi yoyote.

"Ukimwuliza jina hatajibu," akasema. "Ataangalia miguu."

Nikasema ndiyo. Alinishika mkono wa kushoto, akapapasa kwa kidole gumba hadi akapata alama ya mafuta.

"Kumbe ilifika," akasema. "Ile ya kwanza. Nilisoma, na ilifika."

"Ilifika, Papa."

"Na weye uliketi pembeni ya nani?"

"Pembeni ya batoto ba ule mama. Bekundu bote. Balikuwa banacheka."

Halafu mabega yake yakaanza kutikisika, na nilidhani analia, lakini alikuwa anacheka, kicheko cha chinichini kilichomtoa machozi. "Basi hata minye ningekatala," akasema akijigusa kifua. Alichukua karanga moja kwenye sinia, akaiweka juu ya mkono wangu, akainamia karibu kabisa. Akasema moto umezidi kidogo tangu wakati ule. Akaila.

Kondakta aliita, mtu wa mwisho alikuwa amepatikana, gari linaondoka. Papa Komunike alisimama. Alichukua kipaza sauti, akakumbuka hakina mawe, yaani betri, akakirudisha juu ya begi. Akaweka mikono miwili mdomoni, akageukia stesheni nzima, wauza maji, waendesha baiskeli, watu wa viwandani waliokuwa wanatoka zamu.

Alitangaza kwamba mtoto mwanamke wa miaka sita, aliyepotea siku ya sikukuu ya akina mama, rangi ya karanga ya kukaanga yenye kupita moto kidogo, amepatikana. Watu waligeuka. Wengine walitabasamu, maana waliitambua sauti. Wakangoja mwisho wake, na akautoa:

"Benye balikuwa banatafuta, bapumuzike."

Kondakta, kijana asiyemjua, alimshika kiwiko kumsaidia kupanda, akamwuliza ni nani hao waliokuwa wanamtafuta mtoto huyo.

"Minye," akasema.

Akapanda, akaketi karibu na dirisha upande wa jua, akavua kofia, akaiweka juu ya magoti.